Mwenyekiti Cosmas na Ndugu Zake

Umma unatangaziwa, na wenye kofia wavue, kwamba lile swali lililowatoa jasho maprofesa, yaani nani awashughulikie vijana wa fratenati, vile vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume, wanaobaka wasichana vyuoni, limepata jawabu. Atawashughulikia Cosmas, fundi lifti wa Oxon Hill, hapa ughaibuni. Ataongoza Kamati ya Heshima na Usalama. Nembo iko tayari. Kazi za kamati zitafikiriwa baadaye.

Alistahili. Tangu aapishwe fratenati enzi zake za chuo, hakuna aliyeupenda udugu ule kumshinda. Koti lenye herufi tatu za Kigiriki, alama ya udugu huo, alilivaa kanisani, akalivaa hata kwenye sendoff Langley Park, ambako mama mmoja alimwuliza kwa upole kama hiyo ni kampuni ya gesi. Cosmas hakununa. Alimweleza, akaieleza na meza ya jirani, kwamba nchi hii hana shangazi wala binamu, ila ndugu anao kila jimbo. Wa kwanza kati yao ni Sebastian, Mtanzania mwenzake waliyekula naye kiapo siku moja, sasa wakili wa mjini mwenye tai za hariri, na baba wa ubatizo wa Violet, binti pekee wa Cosmas.

Violet akaingia chuo kilekile alichosoma baba yake. Muhula wa kwanza haujaisha, kwenye sherehe katika nyumba ya fratenati ileile, kijana mmoja akambaka.

Alimwambia baba yake, akasema anataka kwenda polisi. Cosmas alilia, akanawa uso, kisha akampigia simu ndugu.

"Kaka, niachie mimi," Sebastian alisema. "Polisi watamdhalilisha mtoto. Tuyamalize ndani, kindugu. Wewe nieleze tu, usinifiche kitu."

Cosmas hakumficha kitu. Alieleza mtoto alikunywa nini, nani alimmiminia, anakumbuka wapi na giza linaanzia wapi. Kisha akakaa kusubiri, akimtuliza Violet kwamba baba yake wa ubatizo yuko kazini. Violet, ambaye husikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, aliuliza kwa Kiingereza polisi ni lini.

Katika kusubiri, Cosmas aliuliza huku na huko. Chuo kilisema nyumba ile iko nje ya uzio wake, iulizwe fratenati. Fratenati ikasema huyo ni mwanafunzi, kiulizwe chuo. Makao makuu ya fratenati yalituma salamu za pole, pamoja na kumkumbusha mchango wa mwaka.

Hatimaye waliitwa ofisini kwa mkuu wa wanafunzi, mama aitwaye Lorraine. Cosmas aliingia, akamwona Sebastian ameshafika, moyo ukapoa. Alikuwa ameshanyoosha mikono amkumbatie ndipo akaona kiti alichokalia. Sebastian alikaa bega kwa bega na yule kijana aliyembaka Violet. Ndiye wakili wake.

Sebastian hakupaza sauti. Alimwuliza Violet kwa upole uleule wa siku ya ubatizo: ulikunywa nini? Nani alikumiminia? Unakumbuka mpaka wapi? Maswali yalifuatana vilevile kama Cosmas alivyosimulia kwenye simu.

Violet aliacha kumtazama wakili. Akamgeukia baba yake, na safari hii akasema Kiswahili, polepole, neno kwa neno.

"Baba, ulimwambia?"

Cosmas aliinamisha kichwa.

Lorraine, kwa kuona hewa imekuwa nzito, alitoa habari njema. Pande zote zimekubaliana kwamba suala hili ni pana, na suala pana ni la kamati. Mwenyekiti amependekezwa na Sebastian mwenyewe: mzazi, mhitimu, mhamiaji, vyote katika picha moja. Kikao cha kwanza ni kesho, na chakula kitakuwepo.

"Hii ni heshima, kaka," Sebastian alisema akitabasamu. "Sema neno."

Cosmas alimtazama binti yake, aliyekwishasimama na kufunga zipu ya jaketi.

"Kesho siwezi," alisema. "Violet anakwenda polisi. Mimi ndiye dereva."