Waya wa Kuanikia Nguo za Mtoto

Jamani, hili jambo nimelificha sana, lakini kwa kuwa mtaa mzima kule Kinyerezi wanalijua na mliobaki ni nyie tu, bora mlisikie kwangu. Nilijiaibisha mbele za watu, na nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Chanzo ni kuku. Kulikuwa na ngawa anatokaga bondeni, anatubebea kuku mmoja mmoja mpaka wakabaki wanne (na jogoo, ambaye naye alishahamia juu ya mti), nikaona dawa yake ni tanzi. Waya sina. Nikafungua waya wa mke wangu wa kuanikia nguo, ule wenye plastiki ya kijani, nikatega bondeni, nikaupitisha katikati ya kichaka cha miiba na ncha nikaifunga upande wa pili kwenye kipande cha nondo nilichokichimbia, nikijiambia kesho kutwa naurudisha. Mwanaidi, mke wangu, alikuwa na mtoto mchanga, kufua hakuishi, aliponiuliza waya uko wapi nikamwambia wameiba watu wa vyuma chakavu. Akaanza kuanika vinguo vya mtoto juu ya michongoma, na mie kimya.

Jumamosi asubuhi nimeshavaa kanzu nakwenda kwenye ndoa, tukasikia kilio bondeni. Sikuwa najua kama paa analia, kumbe analia, tena kama mtoto. Tukateremka watu wengi, na kweli, kwenye waya wangu kanasa paa jike, ngozi ya mguu wa mbele imeshachanika, anajirusha, anaanguka, anajirusha tena. Walishatutangulia Mzee Chilumba na mdogo wake Lukasi, wachonga vinyago wa mtaani kwetu, ambao ujanani huko kusini walikuwa wawindaji.

Wale wazee wana utaratibu wao. Mnyama aliye kwenye mtego wa mtu hawamgusi mpaka wamwite mwenyewe, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu aliyetega ndiye anayejua waya umefungwa wapi. Mzee Chilumba akapaza sauti:

"Mwenye mtego! Njoo utufungulie, hatuna ugomvi na wewe!"

Kusema "mie, mzee" kungenichukua muda gani? Lakini mie ndiye mjumbe wa serikali ya mtaa, na wiki mbili nyuma nilisimama kwenye kikao nikatangaza kwamba kutega bondeni ni marufuku. Basi nikazunguka kichaka polepole, nikasimama juu ya ile nondo, kanzu ikaifunika.

Akaita tena. Watu wakanigeukia, si kwa kunishuku, ila mjumbe penye watu lazima aseme neno, na mie na mdomo wangu nikasema.

"Aliyefanya ukatili huu hana utu! Nikimjua nampeleka polisi kwa mkono wangu mwenyewe!"

Wakapiga makofi, simu zikainuliwa kunirekodi, nikanogewa (wallahi nilinogewa), nikaendelea na hotuba huku Lukasi kajipenyeza miibani anautafuta mwisho wa waya, kaupiga panga haukatiki, na kila panga likigonga, paa anaruka na waya unazidi kuzama mguuni. Nilikuwa naona damu. Sikunyamaza.

Ndipo akafika Mwanaidi, mtoto mgongoni.

"Baba Swaumu," akaniambia, wala hakupaza sauti, "huo si waya wangu? Si hicho kipande cha khanga nilichofungia pale ulipokatika?"

Watu wote wakautazama waya, kisha wakanitazama mie. Nikapandisha kanzu, nikainama, nikauchomoa waya kwenye nondo kwa kuvuta mara moja tu. Paa akaruka, waya ukanivuta, nikaingia miibani kichwakichwa na kanzu ikachanika mpaka kiunoni, mjumbe bukta nje mbele ya akina mama. Hakucheka hata mmoja. Ningeshukuru wangecheka.

Lukasi akamfunika paa macho kwa shati lake, kaka yake akalegeza tanzi. Mtu mmoja akasema achinjwe tugawane. Mzee Chilumba akabonyeza kiwele, maziwa yakatoka.

"Huyu ana mtoto," akasema. "Mwenye kunyonyesha hatumli."

Wakamwachia. Akaondoka kwa miguu mitatu, anaanguka, anainuka, mpaka majani yakamfunika.

Jumatatu mzee akaja kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akachelewa kuitikia.

"Marahaba. Amekufa, mjumbe. Mtoto wake tumemtafuta siku mbili, hatukumwona. Ungeitika nilipoita mara ya kwanza, mguu ule ulikuwa mzima bado."

Akauweka waya mlangoni, kaukunja vizuri, kauosha. Mwanaidi hajautumia tena. Mvua zimeanza, vinguo vya mtoto anavianika ndani juu ya viti, na waya upo kwenye msumari, kila nikiingia nauona.

Ujumbe nimeuacha mwenyewe. Sitegi tena, hata panya. Na siku hizi pakiulizwa ni nani, naitika kabla swali halijaisha. Juzi msikitini wameuliza nani kaacha bomba linamwaga maji, nikasema mie, na siku hiyo wala sikutawadha pale. Nikaja kumsimulia Mwanaidi, nikidhani atacheka. Alikuwa ananyonyesha, hata hakuinua uso.

"Hiyo mie yako," akasema, "ungeisema siku ile."