Shahidi Tuliyemwalika

Mwaka ambao mkutano mkuu wa mawakili wa kanda yetu ulifanyika Shinyanga, mimi nilipewa kupanga mafunzo ya mchana na burudani ya jioni. Mwenyekiti wa kamati, wakili mzee aliyenipokea ofisini kwake nilipomaliza chuo, alisema kazi hiyo inamfaa mwenyeji, na mwenyeji ni mimi.

Burudani haikunisumbua. Nilitafuta kikundi cha bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma ya majembe, kutoka upande wa Geita, nikaagiza turubai na wapishi. Shida ilikuwa mada. Mafunzo ya mawakili yana usingizi wake. Mtu anakuja na faili zuri, anakaa safu ya nyuma, na chai ikishashuka tumboni anaanza kukubali kila hoja kwa kichwa. Nilitaka mada moja ambayo hakuna atakayeilalia. Nikapendekeza mauaji ya vikongwe wanaodhaniwa kuwa wachawi.

Mwenyekiti alijikuna kidevu. "Wageni wetu wanatoka mbali. Unataka waondoke wakisema huku kwetu ni uchawi tu?"

"Nataka waondoke wakijua kesi hizi zinafia wapi."

"Nani atazungumza?"

Nikamwambia namjua mama mmoja.

Mama huyo alikuwa mjane wa kijiji kimoja jirani na Kharumwa, hukohuko Geita. Nilimfahamu kupitia kesi ya shamba lake. Miaka kadhaa nyuma, kijana wa ukoo wa mumewe alifukiwa kwenye duara, yaani shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo. Ndugu walikwenda kwa mganga, na mganga akawaambia kifo kile kimetoka kwa mwanamke mwenye macho mekundu. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Amepika maisha yake yote kwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe makavu, na moshi haumwachi mtu salama. Jioni moja, akiwa anafungia kuku, wanaume walimjia na mapanga. Alipona akiwa na kovu linaloanzia shingoni hadi begani, na mkono wa kushoto uliokosa vidole. Wawili walishtakiwa, wakaachiwa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliiambia mahakama hakumtambua mtu.

Nilikwenda kumwona.

"Shikamoo, mayu," nilimsalimu kama tunavyowaita mama zetu.

"Marahaba, mwanangu. Umeleta habari ya shamba?"

Nikamweleza nilichojia. Alisikiliza huku akichambua mchicha kwa mkono wake mzima.

"Hao mawakili wana nguvu kuliko mahakama?"

"Hapana, mayu. Ni watu wa maneno tu."

"Basi nitawapa maneno," alisema.

Wiki ya mkutano ilipokaribia, nilipigiwa simu kwa namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, ya upole kabisa, kama ya mtu anayeulizia bei ya mpunga. "Wakili, tumesikia unamchukua yule bibi. Mwambie barabara ni mbaya, asije akajikwaa." Akakata.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, naye akaniuliza kama tuifute mada. Nikasema mwenye kuamua ni mama. Nilipompigia na kumweleza yote, alisema, "Kuku wangu nimeshampa jirani awatunze. Nakuja." Tangu siku hiyo, kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na ofisi yetu ilinipeleka dirishani.

Mama alifikia nyumbani kwangu, mtaa wa Kambarage. Asubuhi ya mkutano nilipoamka nilimkuta amekwisha kuvaa, amekaa sakafuni pembeni ya mlango, godoro amelisogeza mbali na dirisha. Nilidhani anaumwa.

"Ndivyo ninavyokaa hata nyumbani," alinijibu. "Hapa anayeingia namwona kabla hajaniona."

Nilijaribu kumpa chai. Aliinywa hapohapo, akiutazama mlango.

Ukumbini alikaa kwenye kiti, hakutaka kusimama. Alizungumza Kisukuma, nami nikatafsiri. Wapishi waliokuwa wakigawa chai walisimama na birika mikononi. Hakuna aliyesinzia. Kikundi cha ngoma kilikuwa kimewahi, kipo nyuma ya ukumbi kikifanya mazoezi. Nilimtuma mhudumu akawaombe waache ngoma, wakaziacha, ila wakaendelea kujaribu nyimbo kwa sauti ya chini. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Alifika kwenye jioni ile. Alieleza jinsi alivyoinama kuwaingiza kuku. Nje, mwanamume mmoja alianzisha wimbo, wenzake wakamwitikia. Mama akanyamaza katikati ya sentensi.

Nilidhani anataka maji. Nikamsogezea glasi, akanishika kifundo cha mkono, akakibana hadi nikaumia.

"Huyo," alisema kwa Kisukuma. "Huyo anayeimba. Ndiye aliyewaambia wenzake, 'Mshikeni kichwa.'"

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wake. Sikutafsiri. Nusu ya ukumbi ni Wasukuma, hawakuhitaji tafsiri yangu. Niliona vichwa vikigeukia madirishani, safu moja baada ya nyingine, na wale wasioelewa lugha wakiwatazama wenzao nyusoni. Wakili mmoja wa kutoka pwani aliuliza, "Jamani, amesema nini?" Nilikuwa nikifikiria jambo moja tu. Aliyempangia mama yule kiti cha kukaa ni mimi, na aliyekiita kikundi kile ni mimi, na sikuwa nimejua chochote.

Kisha nikasikia birika likianguka. Mpishi mmoja alikwisha kutoka mbio.

Tulipofika nyuma ya ukumbi, habari ilikuwa imetutangulia. Madereva, wapishi na vijana wa bodaboda walikuwa wamemzunguka mwimbaji. Hakuwa mzee, umri wake labda miaka thelathini na kitu. Jembe lake la kuchezea walishamnyang'anya. Mtu mmoja ameshika tofali. Mwingine akapaza sauti, "Leteni tairi!" Kila mtu wa kwetu anajua tairi linaloitwa namna hiyo ni la kazi gani.

"Jamani, mimi ni mwimbaji tu!" alilia yule mtu. Amepiga magoti. Njuga alizofunga miguuni zilikuwa zikilia zenyewe kwa jinsi alivyotetemeka.

Sikumwona mwenyekiti alivyopita. Nilimwona tu yuko katikati, koti lake la suti limechanika begani, amempa yule mtu mgongo na kuwatazama watu. Wakili mmoja wa serikali akamfuata huku akiongea na polisi kwa simu. Wengine wakaingia, na mimi nikaingia. Tukashikana mikono, tukamzunguka.

"Mzee, toka hapo!" dereva mmoja alifoka. "Mnamtetea muuaji?"

"Simtetei," mwenyekiti alisema. "Nipo hapa mpaka polisi wafike."

"Basi na nyie mtapigwa!"

Sijawahi kuogopa vile. Mbele yangu kulikuwa na watu ninaowafahamu, mmoja wao fundi aliyenitengenezea geti, na macho yao sikuyatambua. Nyuma yangu, pumzi ya yule mtu ilikuwa ikinigonga kwenye kisigino. Kama ni yeye, nimempa mgongo mtu mwenye uwezo wa kumshika bibi kichwa ili akatwe. Kama si yeye, basi anakufa kwa ajili ya programu yangu. Sauti ni kitu gani? Tangu jioni ile miaka imepita. Mawazo hayo yote yalikuja pamoja.

Hapo mama akatoka, akishikwa mkono na wakili mmoja msichana. Watu wakampisha. Neno lake nililiogopa kuliko tofali. Angesema "ndiye" mara moja tu, polisi wangekuta majivu.

Alimtazama yule mtu muda mrefu. Yeye hakuinua uso.

"Imba," mama alimwambia.

Hakuweza. Alikuwa akilia tu.

Mama akawageukia watu, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mkimuua hapa, nyinyi mnarudi kwenu. Ndugu zake wanakuja kwangu. Si kwenu. Kwangu." Kisha akasema, "Nipeni kiti."

Akaletewa kiti, akakaa. Fundi wa geti aliangalia chini. Aliyeshika tofali hakulitupa, ila mkono ulishuka. Gari la polisi lilipoingia tulikuwa bado tumeshikana, na ilibidi wenzangu wanifungue vidole.

Jioni tulikula pilau bila ngoma chini ya turubai. Mshereheshaji alijaribu utani mmoja, akauacha njiani. Kikundi cha ngoma kilishaondoka bila kuaga. Siku ya pili, mada ya ushahidi wa mitandao iligeuka kuwa ubishi kuhusu kumtambua mtu kwa sauti yake, na mawakili walibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Mama hakurudi kijijini. Binti yake alikuja kumchukua, wakaenda mji ambao sitautaja. Baada ya miezi michache yule wakili wa serikali alinipigia. Yule mtu alikana, na zaidi ya sauti hapakuwa na kitu kingine, hivyo ameachiwa. Hata aliyenipigia ile simu ya kuniambia barabara ni mbaya hakujulikana. Kisheria nilielewa. Ningekuwa mimi ndiye ninayemtetea, ningeomba hivyohivyo.

Niliahirisha kumpigia mama hadi nikaona aibu. Nilipomwambia, hakuuliza habari ya kesi.

"Anajua nilipo?"

"Hapana, mayu."

"Una hakika?"

Nilisema nina hakika. Akaniuliza nimemtajia nani mtaa wa binti yake. Nikamjibu, hakuna. Akaniambia nisimtajie mtu, hata wakili mwenzangu, hata yule mzee aliyechanikiwa koti. Sijamtajia.