Firigisi niliyompa kaka yangu nimeikuta kwenye page hii hii

Habari za kazi admin. Jina langu lifiche, lakini maneno yangu yaache yalivyo, usinitilie chumvi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, mkoa wa Singida, tunalima alizeti, tunakamua mafuta na kufuga kuku wa kienyeji. Mtaa sitaji. Kama wewe ni yule ninayemdhania, mtaa unaujua, na hata mlango unaujua. Simu hii nimeazima kwa jirani, usijisumbue kupiga.

Mume wangu nitamwita Baba Neema, ingawa mtoto wetu haitwi hivyo. Ni mpole, hanywi, na tangu anioe hatujawahi kugombana mpaka majirani wakasikia. Mwaka jana alianza kutangaza mafuta yetu mtandaoni. Anapiga picha dumu likiwa juani, anaandika "Mafuta safi ya alizeti, karibuni wateja." Waliopenda ni mimi, dada yake, na mtu mmoja anayependa kila kitu. Iliniuma kumwona anavyofungua simu na kuifunga. Ndipo akaanza kujifunza namna ya kuandika vitu vya kuwashika watu. Akawa ananisomea jikoni nikisonga ugali, ananiuliza, "Mama Neema, ungekuwa wewe hapa ungepita au ungekomenti?" Siku moja akaniambia, "Watu hawashiki simu kwa ajili ya mafuta, wanashika kwa ajili ya ugomvi. Na mwisho usiwape jibu, waulize wao." Nilicheka. Nikamwambia, sasa sisi ugomvi tutautoa wapi?

Baada ya hapo akaacha kunisomea. Dumu halikupigwa picha tena, lakini simu ikawa inalia mfululizo na yeye anatabasamu peke yake. Nikajua ni mwanamke. Laiti angekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia.

Kisha kaka yangu akaja kututembelea kutoka Misigiri. Tumetoka tumbo moja, baba mbalimbali. Mimi mfupi mweusi, yeye mrefu maji ya kunde, na Baba Neema hayo anayajua tangu anachumbia. Tukachinja jogoo, yule aliyekatwa kidole na mlango. Kila mtu anajua firigisi ni ya mwenye nyumba. Lakini kaka ndiye aliyenilea mama alipofariki, nikaona leo acha nimheshimu, nikaitia kwenye bakuli lake. Kaka mwenyewe alishtuka, "Hapana jamani, hii ni ya shemeji." Baba Neema akacheka, "Kula shemeji, mgeni ni baraka." Wakala, wakanawa, nikajua yameisha.

Wiki hiyo hiyo jirani akanionyesha kisa kwenye page hii. "Mke wangu kampa firigisi yangu mwanaume anayedai ni kaka yake. Hawafanani hata ukucha. Nishaurini." Na jogoo wa kwenye kisa hana kidole kimoja! Ndugu zangu, mtu anaweza kutunga mke, anaweza kutunga kaka, lakini nani anakaa chini kutunga kidole cha jogoo? Maoni yalikuwa hayaishi. "Huyo si kaka, huyo ndiye mwenye mali." "Mtoto kapimeni DNA." Kuna mmoja aliandika tusi mpaka jirani akaziba kioo kwa kidole gumba. Akaniambia, "Mama Neema, wanawake wengine hawana haya!" Hakujua anaongea na mwenyewe.

Mume wangu sikumuuliza. Angekana, halafu angebadilisha namba ya siri. Nikanyamaza nikawa namchunguza, na nilichokiona kinanitisha kuliko kile kisa. Nilidhani anawachezea wasomaji, kumbe wasomaji ndio wamemwingia. Juzi tunapepeta alizeti akaniuliza, "Hivi wewe na shemeji, mama yenu ni mmoja kweli?" Mtu ambaye mahari yangu alimkabidhi huyo huyo kaka! Kaka akinipigia simu, Baba Neema anapunguza sauti ya redio. Mtoto wetu akila, anamtazama pua. Zamani hakuwa hivyo. Maneno aliyoyaandika ili watu wabishane, sasa anayaamini yeye.

Sasa sikieni kinachoniliza. Nina mimba. Tumeitafuta tangu mtoto wetu anaanza shule, tumeombewa, tumekunywa dawa za kila aina, tukakata tamaa. Mtu wa kwanza kuisikia alipaswa kuwa yeye. Badala yake nawaambia ninyi msionijua, kwa simu ya kuazima, kwa sababu naogopa kwamba kabla hajafurahi ataanza kuhesabu tangu kaka alipokuja. Na naogopa siku moja jirani ataniletea tena simu, nilikute tumbo langu humu, chini yake watu wanapiga kura ni la nani.

Huenda page hii si ya Baba Neema, huenda yeye anatuma tu visa kama wengine. Huenda hata namwonea, kuna majogoo wengine wasio na vidole. Lakini moyo wangu haukubali. Admin, kama ni wewe, hii mimba ni yako. Hilo njoo uniulize mimi, usiwaulize watu.

Na ninyi wengine mnaosoma, msinitukane, nimeshatukanwa humu. Nishaurini tu. Nimwambie leo akirudi shambani, au ninyamaze, nione kama kesho nikitoka kuteka atanipokea ndoo ya maji kama zamani, kabla sijamwambia kitu?