Fyuzi ya Mkude

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana hakunipa bisibisi. Alinipa taa ndogo ya kupimia, yenye waya mmoja na ncha kali kama msumari. "Binti, kabla hujaichomeka popote, muulize dereva," alisema. "Gari halisemi, dereva anasema." Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu mkononi, na maneno yale niliyaona ya kizee. Nimuulize dereva habari za umeme? Nikaitikia, "Sawa, bosi," nikayaacha pale pale mlangoni.

Karakana ilikuwa Morogoro mjini, ikihudumia magari ya afya na ya kilimo. Kwanza nilipelekwa Gairo miaka miwili, kazi ikiwa vumbi na betri zilizokauka maji, kisha nikarudishwa kushughulikia magari ya milimani. Huko Uluguru ukungu hushuka hata saa nane mchana, ndiyo maana kila gari lilifungwa taa mbili za ziada kwenye bampa la chuma la mbele. Taa hizo hula umeme mwingi, kwa hiyo swichi ya ndani haizibebi yenyewe. Huamsha rilei, kijisanduku kinachofungulia umeme mkubwa kutoka kwenye betri. Na karibu na betri hukaa fyuzi, ambayo kazi yake ni kuungua kabla waya haujaungua.

Gari la zahanati ya Matombo liliendeshwa na Mkude, Mluguru mpole mwenye utani mwingi. Taa zake zilizima kila aliporudi kutoka milimani. Nilipima betri, ikawa nzima. Rilei ilibofya vizuri. Nikakwangua kutu pale waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, unapofungwa kwenye bodi, nikatoa fyuzi iliyoungua, nikaweka mpya ya ampea kumi na tano, taa zikawaka. Wiki ya pili, yale yale. Mara ya tatu Mkude alikuwa na haraka.

"Fundi Zaina, weka kubwa tuondoke. Wagonjwa wananingoja."

Nilikuwa nimechoka kushindwa. Nikafungua kabati, nikatoa ya thelathini, nikaichomeka.

Siku ya nne alikuwa anashuka na mama mwenye uchungu wa kujifungua, ukungu umefunga njia, waya ukaanza kuungua chini ya boneti. Mkude alisimamisha gari, akafungua boneti, akaung'oa kwa mkono mtupu. Kisha akateremka polepole bila taa zile, muuguzi akitangulia kwa miguu kumwonyesha ukingo wa barabara. Mama alijifungua salama. Vidole viwili vya Mkude havikukunjika tena.

Mkuu wa Karakana alikuja kulikagua gari mwenyewe. Hakuanza na boneti. Alipitisha kidole kwenye bampa, kikanasa kwenye utomvu mweusi.

"Hapa unafunga nini?" alimuuliza Mkude.

"Ndizi, bosi. Mikungu ya mama yangu, namshushia mjini."

Kamba ya mkonge ilipita juu ya waya, na kwenye kila shimo la barabara iliusugua, hadi shaba ikagusa chuma. Hiyo ndiyo shoti niliyoitafuta mwezi mzima. Madereva wote wa Matombo walifunga ndizi pale, nami sikuwahi kuuliza. Mkuu akachomoa fyuzi, akaisoma.

"Thelathini! Nyie madereva mtaua watu."

Mkude alinitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa. Nami nikanyamaza. Nilikuwa mwanamke pekee pale karakanani, niliogopa kufukuzwa. Yeye akaondolewa kwenye usukani, akawa mlinzi wa geti hadi alipostaafu.

Tangu hapo sikucheza na waya wa taa. Niliupitisha ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, kila tundu la chuma nikalivisha mpira, nikaufunga upande wa ndani wa bampa, na ndizi nikazichomelea ndoano zake mbali. Madereva niliwauliza hata walichokula. Mafundi niliowafundisha waliyashika yote hayo, na pamoja nayo wakashika msemo wa karakana: fyuzi kubwa kupita waya wake huitwa "fyuzi ya Mkude". Nimeusikia miaka yote, na mara nyingine niliutumia mwenyewe. Naona aibu kuliandika hilo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Nilipostaafu nilipanda Matombo kumwona. Tulikula, tukacheka kidogo, kisha nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Alivisugua vile vidole viwili.

"Fundi, mkono nilishakusamehe zamani. Mimi ndiye niliyekuhimiza, na ndizi zilikuwa za kwetu. Lakini mjukuu wangu anasomea ufundi huko mjini. Juzi kaniuliza, babu, hii fyuzi ya Mkude, ni Mkude gani?"

Ndiyo maana naandika. Vijana wa karakana, fyuzi ile niliitoa kabatini mimi, na ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi. Mkikuta nyingine kwenye gari, itupeni. Na mkitaka kuipa jina, iiteni ya Zaina.