Transfoma ya blenda ilivyovalishwa kitambaa siku ya harusi ya mdogo wangu

Assalaam alaykum wakuu, na wenye salamu nyengine habari zenu. Haya nnayoandika yametokea nyumbani kwetu Mtoni, Unguja, na kama kuna chumvi humu basi ni ile ya kwenye mchuzi tu.

Dada yetu mkubwa, Asha, anaishi Canada. Mdogo wetu Rahma alipoposwa, Asha alihangaika wee kupata ruhusa kazini, akakosa. Akalia kwenye simu, Mama akalia huku, mie nikajifanya nna mafua.

Badala ya kuja, akatuma blenda.

Si hizi za juisi ya embe. Dude zito, jagi kubwa, ukilibeba unahisi umebeba mtoto wa watu. Na ujumbe juu: "Mama, mchele wa mkate wa kumimina usagwe kwa hii. Na mie niwe nimetia mkono kwenye harusi."

Kwa wasioujua mkate wa kumimina: mchele unarowekwa, unasagwa na tui la nazi, sukari, iliki na hamira, unaachwa uumuke, ndo unapikwa. Ulikuwa uende kwenye chano, sinia la vyakula tunalopeleka kwa kina bwana harusi. Mama akatangaza nyumba nzima kwamba mchele wa chano hausagwi na kitu chengine chochote. Asha hayupo, lakini mkate wake utakuwepo.

Sasa kitako cha blenda kimeandikwa volti 120. Kwetu umeme ni 230.

Shangazi yetu, Bi Fatma, nlimkuta kashika adapta, ile ya kubadilisha miguu ya plagi, anataka kuchomeka ukutani. Nlipiga ukelele! Wakuu, adapta inabadilisha umbo la plagi tu, umeme unabaki ule ule. Angechomeka pale, blenda ingeungua kabla ya kusaga punje moja.

Nikaenda Darajani kutafuta transfoma ya kushusha umeme. Muuzaji akanipa kidude kama kipande cha sabuni, anaapa kwamba kinatosha. Nikakigeuza: wati 300. Blenda inakula wati 900, na mota ikianza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo. Nikamwambia kaka, hii kawauzie wenye mashine za kunyolea ndevu. Nikatoka na ya wati 2000, nzito mpaka bega likanishuka upande mmoja. Lakini nlitembea kifua mbele.

Asubuhi ya harusi nikaunganisha, transfoma ukutani, blenda kwenye transfoma. Ikanguruma vizuri. Nikatoka nje kusimamia watu wa turubai, roho kwatu.

Hapa sasa niwaeleze kitu. Mama yangu ni mtu wa vitambaa. Redio ina kitambaa, friji lina kitambaa, hata rimoti ina kikoti chake. Vyote kafuma kwa mkono wake. Akaliona lile dude jeusi la chuma limekaa juu ya kabati, wageni wanaingia, akaona aibu. Akalivalisha kitambaa cheupe, kinene, kakikunja mara mbili, kikaziba matundu yote ya kupitishia hewa. Juu yake akaweka na maua ya plastiki.

Khalafu akasaga. Jagi baada ya jagi, bila kupumzika.

Kitu cha umeme kikizidi moto hutoa harufu, na harufu hiyo ndo inayokuokoa. Lakini nyumba ya harusi hiyo! Vyetezo kila pembe, udi unakuingia mpaka machoni. Harufu ya kuungua ilipoanza, hakuna aliyeshtuka.

Bi Fatma akavuta pumzi. "Mashaallah, udi gani huu? Una uzito!"

Jirani akamjibu, "Huo wa Dubai, ndo unavyonukia."

Na mie fundi wenu, nlikuwa nimesimama mlangoni, nikatikisa kichwa kukubali. Wa Dubai.

Rahma alikuwa chumba cha ndani, kapakwa singo mwili mzima, ule msuguo wa manjano na manukato, bi harusi hatakiwi kuonekana. Lakini udi wa harusi ile kautengeneza mwenyewe. Mara mlango ukafunguka puu! Huyo anakimbilia jikoni na kanga yake, uso wa njano kwa singo.

"Huo si udi wangu! Kuna kitu kinaungua!"

Wanawake kumwona bi harusi, wakapiga vigelegele. Lahaula!

Blenda ikazima pale pale. Nikaruka nikazima swichi ya ukutani, nikachomoa plagi, kitambaa nikakiondoa kwa koleo la makaa. Kilikuwa na duara la kahawia kama sahani. Transfoma haishikiki.

Mama akakaa chini. "Nshamuua Asha," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nusu ya mchele ilikuwa bado kwenye bakuli. Bi Fatma akasema tuazime blenda kwa jirani, Mama akakataa, machozi yanamtoka. Roho iliniuma wakuu, sitaki kusema uongo.

Nikaiweka transfoma sakafuni, kwenye marumaru matupu, karibu na dirisha. Ile yetu ina kikatio ndani, ikizidi moto inakata yenyewe, ikipoa unabonyeza kidude chekundu. "Mama, haijafa," nikamwambia. "Imezimia."

Tukasubiri. Rahma akakataa kurudi ndani, singo inamkaukia usoni. Ilipopoa nikakagua waya, nikabonyeza, nikawasha mkono wangu uko kwenye swichi ya ukutani. Blenda ikanguruma! Vigelegele vya safari hii vilikuwa vya haki.

Mama akasaga kidogo kidogo, anapumzisha, na kila akipumzisha anaipepea transfoma kwa kipepeo cha makaa. Asha akapiga simu ya video wakati huo huo.

"Mama, unachoma mishikaki?"

"Nakupepea wewe, mwanangu."

Asha alicheka mpaka akalia. Sote tulilia, na mafua yangu yakarudi.

Mkate ulikwenda kwenye chano, na sinia lilirudi tupu. Kesho yake nliipeleka transfoma kwa fundi akaifungua na kuikagua. Nanyi msiache, kitu kikishatoa harufu usikiamini kwa macho tu.

Nliloondoka nalo ni kwamba kusoma wati hakutoshi. Transfoma nunua kubwa kuliko kifaa chako, halafu iache uchi, ipate hewa, ukimaliza kazi ichomoe. Na uwaambie wote wa nyumbani, hasa wenye sindano za kufumia.

Haya, nani humu ana kifaa cha volti 120, na nyumbani kwenu kimevalishwa nini? Semeni tu, sicheki.

Kile kitambaa Mama kakataa kukitupa. Alimpa mgeni aliyekuwa anarudi Canada. Asha kakitundika jikoni kwake, duara la kahawia na vyote, anasema ukikinusa kwa karibu bado kina udi wa Rahma.