Saini ya golikipa ilinipita hatua ishirini, na waliosababisha nawataja

Wakuu, habari za humu. Nipo Durban miaka mingi, umri umeshapita hamsini, shule niliishia la nne, kwa hiyo maandishi yangu mtayavumilia. Ila chumvi sitaongeza. Idrisa mwenyewe yumo humu, nikidanganya atanisuta.

Iko hivi. Niliumia kwenye taxi, hivi vibasi vya huku, tukitoka Isipingo. Watatu hawakufika. Mimi nikatoka na chuma kwenye paja na mguu mmoja mfupi.

Daktari akaniambia nitembee kila siku. Nikawa natoka chumbani kwangu Glenwood hadi uwanja wa hoki, napumzika pale. Siyo hoki ya barafu wakuu, hii ni ya kapeti la kijani, wanalimwagia maji kabla ya mechi.

Siku moja dada mchezaji akaniona navyochechemea, akanipa stick yake kuukuu, ile fimbo ya kuchezea. Nikaigeuza juu chini, ule mkunjo ukakaa kiganjani kama nilipimiwa. Ndiyo mkongojo wangu hadi leo.

Nikamwomba aisaini. Ugonjwa ukaanzia hapo.

Miaka minne nakusanya saini kwenye fimbo ile ile. Kikosi chote cha timu ya taifa ya akina dada ninacho, kasoro mmoja tu.

Golikipa. Nomusa.

Anacheza Ulaya, Durban anakuja kwa nadra. Mara ya kwanza marker yangu ilikauka. Mara ya pili alitolewa kwa machela. Safari hii akatangaza anastaafu, hii ndiyo mechi yake ya mwisho huku.

Sasa kuna siri. Golikipa wa hoki hutoka wa mwisho, maana lazima avue yale magodoro ya miguuni, helmet, magloves. Mashabiki wanawakimbilia wafungaji kwenye basi, kisha wanatawanyika. Ukitulia geti la nyuma unampata peke yake.

Hiyo siri nilimpa mtu mmoja tu. Idrisa. Mbongo mwenzetu, anauza makava ya simu Isipingo. Nilimleta mimi uwanjani, hata sheria za hoki nilimfundisha mimi!

Siku ya mechi, filimbi ya mwisho ilipolia nikakaa geti la nyuma. Idrisa yuko mbele, kwenye basi, na wafungaji. Anacheka nao, anapigwa selfie, mmoja kamvalisha kofia yake kabisa.

Aisee, roho iliniuma. Miaka minne mimi hakuna aliyenivalisha hata soksi.

Nikaacha nafasi yangu, nikachechemea hadi mbele. Nikajipenyeza, nikanyoosha fimbo. Mfungaji akaiangalia, akatabasamu.

"Eish, Baba, hii nilishakusainia!"

Watu wakacheka. Nageuka, Idrisa hayupo.

Yuko geti la nyuma. Na Nomusa. Idrisa jezi yake imeshasainiwa, anaipepea wino ukauke.

Akaniona. "Bro Chande! Njoo! Njoo na fimbo!"

Zilikuwa kama hatua ishirini hivi. Hata kwa mguu huu ningefika.

Nikajifanya sijasikia. Nilijiambia huyu hawezi kunifanyia hisani kwa siri yangu mwenyewe. Akaita tena. Nikampa mgongo, nikashika njia ya nyumbani.

Nafika, Mama Furaha, Mkongo mwenye saluni hapo chini ya chumba changu, ananiwekea simu usoni. Status ya Idrisa. Jezi, na juu yake imeandikwa kwa mkono, "To Idrisa".

"Papa Chande, regarde! Rafiki yako iko star sasa!"

Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kesho yake Idrisa akaja.

"Bro, mbona ulituacha? Nomusa aliniuliza, uphi ubaba wenduku? Yule baba wa fimbo yuko wapi? Anasema kila akija Durban anakuona pale getini, na safari hii alikuwa anakutafuta. Nikamwambia yule pale, anakuja. Kashika marker, kifuniko kashatoa. Amesimama hadi basi likapiga honi."

Nilijidai naifuta fimbo vumbi.

Basi wahusika nawataja, sifichi mtu. Wa kwanza Idrisa, kwa kupendwa na watu bila hata kujitahidi. Wa pili Mama Furaha, kwa simu yake. Wa tatu ni Chande, mimi mwenyewe, na huyu ndiye mbaya wao.

Ile sehemu niliyomwekea Nomusa bado ni tupu. Iko pale pale kwenye mkunjo ninaposhika, kwa hiyo kila nikitembea ninayo kiganjani.

Nilichojifunza, ukiitwa nenda, hata kama anayekuita unamwonea wivu.

Aliyewahi kumnunia mtu akajikosesha mwenyewe aseme hapa, nisijione niko peke yangu.

Idrisa, wewe pita kimya tu.