Udongo Usioguswa na Jembe

Mdogo wangu wa mwisho anasomea mionzi iliyomo kwenye udongo. Alirudi Songea akitafuta sehemu ya shamba letu ambayo haijawahi kulimwa. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikalima kila kona ili yeye asome. Sasa usomi wake ulitaka pale nilipopaacha.

Palibaki katikati ya makaburi ya baba na mama tu.

“Dada, nichote kopo moja tu.”

“Waombe wenyewe. Na uwaeleze unasomea nini.”

Akavua kofia, akawaeleza kwa Kingoni kwamba wataalamu walianza kwa kufuatilia vumbi la mabomu ya nyuklia lililoanguka toka angani, wakalikuta kwenye majani, kisha kwenye maziwa ya ng'ombe, na kwamba udongo usiolimwa bado umelitunza vile lilivyoanguka. Mimi mlipa ada nilielewa siku hiyo. Nikamshikia kopo.